Nimesoma EGM, baba anataka nisome uhasibu: nitaweza, na kazi ipo?

*Shikamoo. Mimi ni binti wa Masasi, nimemaliza kidato cha sita mwaka huu mchepuo wa EGM. Nimepata C ya Uchumi, D ya Jiografia na D ya Hisabati. Masomo ya biashara sijawahi kuyasoma hata siku moja. Baba ni mkulima wa korosho na anataka nikasome uhasibu chuo kikuu. Kaka yangu anasema nitapoteza muda, wahasibu wamejaa mtaani na kazi yenyewe siku hizi inafanywa na kompyuta. Naomba unishauri: nitaweza kweli, niende chuo gani, na nikimaliza nitafanya kazi wapi?*

Marahaba, mwanangu, na hongera kwa kumaliza. Nianze na kaka yako, maana yeye ndiye aliyekutia wasiwasi.

Hajasema uongo. Sekretarieti ya Ajira ikitangaza nafasi chache za Mhasibu Daraja la II, siku ya usaili ukumbi unajaa vijana wenye bahasha za kaki mpaka wengine wanasubiri nje chini ya mti. Lakini na mimi nimekaa upande wa pili wa meza mara nyingi, nikisaili watu kwa niaba ya kampuni binafsi. Mtihani wangu ni mmoja siku zote: nakupa taarifa ya benki ya mwezi mmoja na kurasa mbili za daftari la fedha la mwezi huohuo, nakwambia linganisha, kisha unieleze tofauti imetoka wapi. Wote waliopo wana shahada. Wanaomaliza na kunieleza bila kubabaika ni wachache kiasi cha kunihuzunisha. Kwa hiyo wenye vyeti vya uhasibu wamejaa, hilo kweli. Wahasibu bado tunawatafuta.

Sasa mhasibu ni nani? Watu wanadhani ni mtu anayejua kujumlisha. Kujumlisha hata kikokotoo cha simu kinajua. Chukua korosho za baba yako. Anapeleka magunia chama cha msingi cha ushirika, yanapimwa, anapewa stakabadhi. Mzigo unakwenda ghala kuu, unauzwa mnadani kwa mfumo wa stakabadhi ghalani, mnunuzi analipa, halafu makato yanaanza: ushuru wa halmashauri, fungu la chama cha msingi, fungu la chama kikuu, usafirishaji, ghala. Kinachobaki ndicho kinachoingia kwenye akaunti ya mzee. Kati ya kilo zilizopimwa siku ile na shilingi zilizofika benki pamepita mikono mingi, na kila mkono ulitakiwa uache karatasi. Mhasibu ni yule anayeweza kukaa na baba yako akamwonyesha hizo karatasi moja baada ya nyingine, na inapokosekana moja, akasema wazi kwamba hapa pana pengo.

Nikupe swali la chuoni kabisa, tuone. Mnunuzi ameingiza shilingi milioni 400 kwenye akaunti ya chama cha msingi. Chama kimepata mapato kiasi gani? Mtu wa kijiweni atakwambia milioni 400. Mhasibu atasema ngoja kwanza. Korosho hazikuwa za chama, zilikuwa za wakulima. Benki imeongezeka milioni 400, huo ni upande wa debiti. Upande wa krediti, sehemu kubwa ni deni, maana chama kinadaiwa na wakulima, kinadaiwa na halmashauri ule ushuru, kinadaiwa na chama kikuu. Kile kipande kidogo cha chama chenyewe ndicho mapato. Tukio moja, pande mbili, na pande hizo lazima zilingane. Nimeona vyama ambavyo viongozi wake hawakuwa wezi hata kidogo, ila waliona akaunti imenona wakaagiza pikipiki na viti vya ofisi, msimu ulipofungwa wakagundua wamekalia pesa za watu. Kama umenielewa hadi hapa, umeshaanza muhula wa kwanza bila kulipa ada.

Kuhusu hisabati, D yako inatosha na kubaki. Hesabu za uhasibu ni kujumlisha, kutoa, asilimia na riba, kidogo takwimu. Ila jicho la hisabati linasaidia, tena kwa namna usiyoitegemea. Mwaka wangu wa kwanza kazini nilikesha na urari, ile orodha ya kulinganisha jumla ya debiti na jumla ya krediti, uliokataa kulingana. Tofauti ilikuwa shilingi 180,000. Nilipekua vocha zote za mwezi mara mbili. Siku ya pili mzee mmoja wa pale ofisini, aliyekuwa amebakiza miezi tu astaafu, akapita nyuma ya kiti changu akauliza tofauti ni shilingi ngapi. Nikamwambia. Akasema, "Inagawanyika kwa tisa. Umegeuza tarakimu mahali." Akaendelea na safari yake ya chai. Na kweli, 1,350,000 nilikuwa nimeiandika 1,530,000. Wewe wa EGM unaweza kuithibitisha kwa mistari miwili: ukipindua tarakimu mbili zilizo jirani, 10a + b ikawa 10b + a, tofauti yake daima ni 9 mara a kutoa b. Nasi tuna nyingine: tofauti ikigawanyika kwa mbili, tafuta kiasi kilicho nusu yake, huenda kimewekwa upande wa debiti badala ya krediti. Hizo hawakunifundisha darasani.

Kinachowaangusha wanafunzi wengi ni lugha na kukariri. Masomo yanafundishwa kwa Kiingereza, na ukifika mwaka wa pili na wa tatu unakutana na viwango vya kimataifa vya uhasibu, IFRS, ambavyo Tanzania ilivikubali tangu 2004. Serikalini kuna ndugu yake, IPSAS. Huko huulizwi tena "jumla ni ngapi". Unaulizwa: kampuni imeuza friji leo kwa ahadi ya kuitengeneza bure miaka miwili, je, pesa yote ni mapato ya leo? Anayekariri mifano ya mhadhiri hapo anazama, na sapu, mitihani ya kurudia, zinaanza. Wenzako waliosoma ECA, yaani Uchumi, Biashara na Uhasibu, watakutangulia muhula wa kwanza, watakuwa wanamaliza maswali wewe ukiwa bado unachora mistari ya leja. Usiwaogope. Katikati ya mwaka wa pili mtakuwa mmelingana, na mara nyingi anayejifunza kutoka sifuri huelewa sababu, wakati aliyezoea tangu sekondari anajua utaratibu tu.

Haya, chuo. Kwa alama zako una pointi 5 katika masomo mawili bora, na kiwango cha chini cha TCU, tume inayosimamia vyuo vikuu, ni pointi 4, kwa hiyo mlango uko wazi, ingawa ushindani wa baadhi ya vyuo unaweza kukutaka zaidi. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina shule yake ya biashara. Mzumbe, iliyokuwa chuo cha uongozi cha IDM kabla ya kuwa chuo kikuu mwaka 2001, imetoa wahasibu wa serikali wa vizazi kadhaa. IFM, chuo cha usimamizi wa fedha pale katikati ya Dar es Salaam, ipo tangu 1972 na majirani zake ni mabenki na maofisi, jambo linalosaidia wakati wa kutafuta fildi, yaani mafunzo ya kazini. Kuna CBE, chuo cha elimu ya biashara, kuna Chuo cha Uhasibu Arusha, kuna Dodoma. Na wewe wa kusini usisahau kwamba Taasisi ya Uhasibu Tanzania, TIA, ina kampasi Mtwara mjini. Kama nauli, kodi ya chumba na chakula ni tatizo nyumbani, shahada ya Mtwara ukiwa umeshiba ni bora kuliko ya Dar es Salaam ukiwa unalala njaa ukisubiri bumu, pesa ya mkopo wa wanafunzi. Waajiri wanaojua kazi yao hawaangalii sana jina la chuo katika fani hii, na sababu yake ni kwamba tuna mtihani mwingine unaotupima wote kwa mizani moja.

Mtihani huo ni wa CPA, cheti cha taaluma cha mhasibu, na hapa naomba unisikilize kuliko popote. Chini ya sheria ya mwaka 1972 iliundwa Bodi ya Taifa ya Wahasibu na Wakaguzi wa Hesabu, NBAA. Ndiyo inayosajili wahasibu nchini na kutunga mitihani, ambayo vipindi vyake vikuu ni Mei na Novemba. Aliyesoma shahada ya fani nyingine huanzia ngazi ya msingi. Wewe mwenye shahada ya uhasibu unaruka hiyo, unaanzia ngazi ya kati, kisha ya mwisho. Ukifaulu yote, unatakiwa pia uwe na uzoefu wa kazi wa miaka mitatu ndipo usajiliwe kuwa mhasibu kamili mwenye CPA. Shahada bila CPA itakuingiza ofisini, lakini siku ya kupandishwa cheo kuwa mhasibu mkuu utamwona mdogo wako mwenye CPA akipita mbele yako, na hutakuwa na pa kulalamikia.

Kosa ninaloliona kila mwaka: kijana anahitimu Julai, anasema nipumzike kwanza, nitafute kazi, nikipata pesa nitafanya mitihani ya Bodi. Miaka mitano baadaye ana kazi, ana familia, ana mkopo wa benki, na viwango alivyosoma vimebadilika. Jisajili mwaka uleule unaomaliza, akili ikiwa bado moto. Wapo watakaokushawishi ufanye ACCA, cheti cha namna hiyo cha Uingereza. Ni nzuri na inatambulika duniani, ila inalipwa kwa pauni, na hata ukiwa nayo, kufanya kazi ya ukaguzi hapa nchini utarudi kuipigia hodi NBAA. Anza na ya nyumbani. Ukivuka kwenda Nairobi au Kampala huendi mikono mitupu: bodi za uhasibu za Afrika Mashariki zina makubaliano ya kutambuana.

Tuje kwenye kazi. Ukitaka shule ya pili baada ya chuo, nenda kampuni ya ukaguzi. Zile nne kubwa za dunia, PwC, Deloitte, KPMG na EY, zote zina ofisi Dar es Salaam. Zamani zilikuwa tano. Ya tano, Arthur Andersen, ilianguka mwaka 2002 baada ya kubainika wafanyakazi wake walichana nyaraka za mteja wao Enron, kampuni ya Marekani iliyofilisika. Mahakama ya Juu ya huko ilikuja kuifuta hatia yake mwaka 2005, lakini wateja walikuwa wameshakimbia. Karatasi, mwanangu, nimekwambia kila mkono uache karatasi. Katika kampuni hizo utafanya kazi mpaka usiku wa manane kati ya Januari na Aprili, kwa sababu kampuni nyingi hufunga hesabu tarehe 31 Desemba. Utahesabu magunia ya sukari kwenye ghala lenye joto, utaandikia wadaiwa wa mteja barua kuthibitisha madeni, utakula chipsi mayai juu ya faili. Baada ya miaka mitatu umeona ndani ya kiwanda, benki, hoteli na mgodi. Hakuna kazi nyingine inayokupa hivyo katika umri huo. Na usizidharau kampuni ndogo za wazawa. Huko utafanya ukaguzi mzima wewe mwenyewe, tangu vocha ya kwanza hadi rasimu ya ripoti, ingawa posho ni ya kubana.

Upande wa umma kuna Ofisi ya Taifa ya Ukaguzi, ya CAG, yaani Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali. Mwaka wa serikali unafungwa 30 Juni, ripoti inamfikia Rais mwishoni mwa Machi, halafu inawasilishwa bungeni, na nchi nzima inaanza kubishana juu ya nani kapata hati inayoridhisha na nani kapata hati yenye shaka. Nyuma ya kila neno katika ripoti ile kuna kijana aliyepanda gari hadi halmashauri fulani akafungua mafaili. Na upande wa pili wa meza yuko mhasibu wa halmashauri, ambaye kazi yake nzuri haisikiki kamwe. Adui yake mkubwa ni masurufu yasiyorejeshwa: afisa kachukua pesa ya safari, karudi, hana risiti, na mhasibu anadaiwa viambatanisho. Kuna pia wakaguzi wa ndani, kuna TRA. Katika kampuni binafsi anayejua kodi hakosi kazi, kwa kuwa kila mwezi tarehe 7 kodi ya mishahara na tarehe 20 VAT zinawafuata wenye biashara, na kuchelewa kuna adhabu. Mashirika yasiyo ya kiserikali yanahitaji watu wa kutunza pesa za wafadhili kwa masharti yao. Mishahara mizuri, mikataba mifupi. Viwandani wanatafuta wanaojua gharama: mfuko mmoja wa saruji umetugharimu shilingi ngapi hasa? Benki nazo zipo, ingawa wengi wanaoingia huko kwa shahada ya uhasibu huishia kaunta au kutafuta wateja wa mikopo.

Kuna kona moja ambayo wenzako hawaiangalii, nawe umezaliwa ndani yake. Vyama vya ushirika. Vinakaguliwa na COASCO, shirika lililoundwa mwaka 1982 kwa kazi hiyo, na Moshi kuna chuo kikuu kizima cha ushirika. Kusini kwenu korosho zinazungusha mabilioni kila msimu kupitia vyama vya msingi ambavyo vingi vinaandikiwa vitabu na katibu aliyejifunzia kazini. Mtu mwenye shahada, anayeijua korosho kuanzia uani hadi mnadani, na anayeweza kumweleza mkulima makato yake kwa Kiswahili au Kimakua, ni adimu. Sisemi urudi Masasi. Nasema usiione kama kazi ya walioshindwa Dar es Salaam.

Na kompyuta? Zimechukua kazi, sikufichi. Serikalini malipo yanapita kwenye mfumo wa MUSE, madukani kuna mashine za risiti za EFD, kampuni ndogo zina Tally na QuickBooks, na leja tulizokuwa tukichora kwa rula sasa zinajijaza. Aliyeajiriwa kwa ajili ya kunakili namba ameondoka au ataondoka. Lakini mfumo unapokea chochote unachoulisha. Ukiuambia milioni 400 za wakulima ni mapato, utakutolea mizania safi, iliyopangika, yenye uongo ndani. Hautauliza korosho zilikuwa za nani. Jifunze programu hizo, na Excel uijue mpaka uiote usiku, lakini usisahau kwamba unalipwa kwa lile swali.

Nalo lina gharama yake. Miaka ya nyuma mkuu mmoja wa ofisi, sitasema wapi, aliniletea ankara ya matengenezo ya gari ambalo nililiona kila siku limekaa juu ya matofali halina magurudumu. Akataka nisaini vocha ilipwe kabla ya saa sita. Nikaomba hati ya gereji na kibali cha ukaguzi wa gari. Akanitazama. Mkataba wangu ulipoisha hawakuuongeza, na kwa miezi minne nilikula akiba. Baadaye wakaguzi wakapita, na mwenzangu aliyesaini ndiye aliyeitwa kujieleza. Mkuu alikuwa ameshahamia kwingine. Chuoni utafundishwa maadili kama somo la mtihani. Kazini linakuja na mtu mzima mwenye hasira amesimama mlangoni kwako.

Matokeo unayo tayari, na chuo bado hujaanza. Fuatilia maombi ya chuo na ya Bodi ya Mikopo mapema, cheti cha kuzaliwa kikiwa kimehakikiwa, maana wengi hukwama hapo. Kisha mwombe baba stakabadhi zake zote za korosho za msimu uliopita na taarifa ya benki ya miezi hiyo. Nunua daftari la mistari, gawa kila ukurasa katikati. Kushoto andika kilo kwa tarehe, bei ya mnada, na makato yote kama yalivyoandikwa. Kulia andika kilichoingia benki. Usimuulize mtu yeyote mpaka umemaliza. Zisipolingana, gawa tofauti kwa tisa kwanza. Ikikataa, chukua daftari lako, mwende na mzee ofisini kwa katibu wa chama, muombe karatasi inayokosekana.